CE ya nondo haipo, mkandarasi

Siku hizi BOQ, yaani orodha za vifaa na kazi za ujenzi, zinazoletwa dukani kwangu hapa Nyakato, Mwanza, hazikosi mstari mmoja: bidhaa iwe na alama ya CE. Gundi ya marumaru CE, saruji CE, nondo CE. Ukimuuliza mkandarasi kulikoni, anakujibu, "Mama, wewe weka tu, ndivyo msanifu alivyoandika." Nadhani msanifu naye aliunakili kutoka kwenye mradi fulani wa wafadhili. Oda siikatai, biashara ni biashara. Lakini hebu tuelewane.

CE ni alama ya soko la Ulaya, na anayeibandika ni mtengenezaji mwenyewe. Kwa vifaa vya ujenzi, chini ya kanuni namba 305 ya mwaka 2011, maana yake ni kwamba ametoa tamko la utendaji: karatasi inayotaja kiwango kilichotumika na bidhaa ilipata nini ilipopimwa. Haisemi kwamba bidhaa ni bora. Ziombe hizo karatasi uzisome. Utakuta mistari mingi imeandikwa NPD, yaani sifa hiyo mtengenezaji hakuitolea matokeo yoyote, na kanuni hiyo ilimtaka ataje sifa moja tu, basi. Sasa kuna kanuni mpya ya 2024 inayochukua nafasi yake hatua kwa hatua, inayodai na taarifa za mazingira, ila alama ni ileile.

Saruji angalau hupimwa na taasisi huru, ndiyo maana ya Ulaya huwa na namba ya tarakimu nne karibu na CE. Nondo ndiyo kichekesho. Kiwango chao cha nondo, EN 10080, kiliondolewa kwenye orodha ya viwango vinavyobeba CE, kila nchi ikabaki na utaratibu wake. Kwa hiyo BOQ inaniagiza nilete kitu ambacho hata mwenye duka Ujerumani hana.

Halafu kuna hadithi ya mafundi kwamba CE yenye herufi zilizobanana ni alama ya bidhaa za China. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. Ni CE iliyochorwa vibaya au iliyobandikwa bila haki, na kwetu huku hakuna mkaguzi wa Ulaya wa kuifuatilia. Waingereza nao walipotoka kwenye Umoja wa Ulaya wakaanzisha alama yao, UKCA, mwaka 2021. CE ilikuwa ikome kwao kwa vifaa vya ujenzi Juni 2025, lakini Septemba 2024 serikali ikatangaza itaendelea kupokelewa. Ireland ya Kaskazini haikuwahi kuiacha.

Kinachotuhusu sisi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Saruji, bati na nondo za viwanda vyetu, tafuta alama yake. Za kutoka nje, mwulize muuzaji CoC, cheti kinachotolewa baada ya mzigo kukaguliwa hukohuko ulikotoka, utaratibu ulioanza 2012. Na ukipeleka mzigo Uganda kupitia Mutukula au Kenya kupitia Sirari, sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 inataka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Mpakani unaweza kukutana na afisa anayetaka kupima upya, kwa hiyo tembea na nakala ya leseni ya kiwanda ya kutumia alama hiyo.

Ukitaka kuniandikia BOQ ya maana, andika daraja. Saruji ya nguzo na slabu, andika 42.5. Kwa gundi, geuza mfuko usome herufi ndogo. C ni gundi ya saruji. 1 ni ya kawaida, yaani mshiko wa nusu nyutoni kwa milimita ya mraba. 2 ni mara mbili yake. T haiteremki ukutani. E inakupa angalau nusu saa kabla haijakauka juu, na aliyewahi kubandika marumaru kwenye baraza linalotazama ziwa, jua la saa nane na upepo juu yake, anajua nusu saa hiyo ina thamani gani. Baraza kama hilo, na marumaru za porselini, chukua C2TE. Sakafu ya ndani yenye marumaru za kawaida, C1 inatosha na bei yake ni nafuu. Usikubali mtu akuuzie C2 kwa ajili ya sakafu ya stoo.