Mkazo wa "matatu" ulivyonifundisha "penultimate"

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga kurasa katika duka moja la River Road, Nairobi. Mwaka jana mteja alileta kanuni za chama chao, pembeni ameandika kwa Kiingereza: futa aya ya "penultimate". Nikafuta ya mwisho. Alipokuja kuzichukua, nakala 200 zilikuwa zimeshabanwa pini. Tulizirudia zote, na gharama ya karatasi ikakatwa kwenye malipo yangu.

Jioni hiyo, kabla ya kwenda steji, nilipitia kwa muuza vitabu vya mitumba katika barabara ya Tom Mboya nikanunua kamusi nene, ile inayoeleza kila neno la Kiingereza limetoka wapi. Nilianza kuisoma nikiwa kwenye foleni. Kumbe "paene" kwa Kilatini ni "karibu", na "ultimus" ni "wa mwisho": "penultimate" ni iliyo karibu na ya mwisho, yaani ya pili kutoka mwisho. Ndiyo "paene" iliyomo ndani ya "peninsula": ardhi iliyokaribia kuwa kisiwa.

Kilichonikaa kabisa, hata hivyo, nilikuwa nacho mdomoni tangu utotoni. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-TA-tu, mwa-LI-mu, fo-LE-ni. Hiyo ndiyo "penultimate". Sasa nikikutana na neno hilo natamka "matatu" moyoni, na kidole kinatua kwenye TA.

Mengine yalifunguka palepale kwenye foleni. "Next" zamani ilikuwa "aliye karibu kuliko wote", na "last" ni "aliyechelewa kuliko wote". Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nikalielewa bila kuelezwa. "Second" ni "anayefuata", kutoka kitenzi cha Kilatini "sequi", kufuata, kilichozaa pia "sequence". Waingereza waliliazima kwa Wafaransa. Kabla ya hapo, wa pili walimwita "other", yaani mwingine tu.

Binti yangu alipenda zaidi Septemba: jina lake ni "saba", ila ni mwezi wa tisa, kwa sababu Warumi wa kale walianzia mwaka Machi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Baba, na Alhamisi je?" Swali zuri mno. Jumatano ni ya tano ukihesabu kuanzia Jumamosi, na Alhamisi ni "ya tano" kwa Kiarabu, ukianzia Jumapili. Sisi tuna tano mbili zinazofuatana kila wiki, na hakuna anayepotea.

Mwezi uliopita mteja yuleyule alirudi na kanuni mpya. Pembeni: "antepenultimate". Nikakumbuka "ante" ni "kabla ya", nikahesabu aya tatu kutoka mwisho, nikampigia simu kabla ya kugusa mashine.

"Mzee, ni ile ya ada za wanachama?"

"Hiyohiyo, kijana wangu. Chapa."