Siku moja kwenye mizani ya tumbaku, Urambo

Nikisema nafanya kazi kwenye tumbaku, watu wa mjini hudhani navuta au nina hela. Sivuti, na mshahara wangu ni wa karani. Nipo kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, mkoa wa Tabora, na kazi yangu ni mizani: nasoma namba, naitamka kwa sauti mara mbili, naiandika. Kwa kazi hiyo nimeshaitwa mwizi mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ndiyo maana nawaandikia siku moja tu ya soko, ya mwezi wa 7, kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri. Naamka, nachota maji, nampikia mwanangu uji wa kwenda nao shule. Khanga moja kichwani, nyingine ya kujifunika pua, maana vumbi la tumbaku kavu likikuingia kooni linakaa humo mpaka usiku. Nusu saa kwa baiskeli, nimefika.

Saa 12 na nusu. Nafungua godauni. Harufu inakupokea mlangoni, tamu na kali kwa pamoja, kama asali iliyoungua. Mitumba, yaani mafurushi ya tumbaku kavu, imepangwa mistari, kila mmoja na lebo yake yenye namba ya mkulima. Nahesabu, nafika 212. Halafu nafuta jukwaa la mizani na kuweka jiwe la kilo 20 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Mizani inasoma 20.0. Naandika na kusaini. Hakuna asubuhi ya soko ambayo sifanyi hivyo, hata kama hakuna anayeniangalia.

Saa 2 wakulima wanaanza kuingia. Mwangaluka, mwangaluka, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Wengine wametembea, wengine wamepakizana kwenye bodaboda. Wanasimama karibu na mitumba yao na kuigusagusa. Mtu wa nje akiona mtumba anaona furushi. Sisi tunaona vitalu vya mwezi wa 8 na wa 9, miche iliyohamishiwa shambani mvua zilipoanza, majani yaliyochumwa yakiwa na umande mpaka mtu akashikwa na kizunguzungu na kutapika, kisha usiku kucha bani, yaani kibanda cha kukaushia majani, moto usizidi wala usipungue, maana ukikosea jani linageuka rangi na daraja limeondoka. Hapo bado hujateua, hujafunga. Karibu mwaka mzima umekaa ndani ya kile kifurushi.

Soko lilitangazwa kuanza saa 2. Kwetu hakuna mtumba unaopanda mizanini mpaka pande tatu ziwepo: chama, mteuzi wa Bodi ya Tumbaku anayepanga madaraja ya ubora, na mnunuzi wa kampuni. Chama tupo. Mteuzi kafika saa 2 na robo na kitabu chake. Kampuni haipo.

Saa 3 haipo. Saa 4 haipo. Mwenyekiti anapiga simu, anaambiwa gari liko njiani.

Kusubiri huku si kwa leo tu. Soko hili lilipangwa kufanyika tarehe 4, likasogezwa tarehe 9, likasogezwa tena tarehe 15, na leo ndiyo tarehe 15. Mitumba mingi imo humu tangu tarehe 4, siku 11 chini ya bati, kiangazi kikali, upepo mkavu unapita chini ya mlango. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Wazee wanapiga soga ukutani. Mmoja anasimulia jinsi baba yake alivyokuja Urambo kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Walifyeka msitu kwa mashine kubwa, karanga zikawashinda, na miaka ya 1950 tumbaku ikashika nafasi. Mji wetu una jina linalotokana na Mtemi Mirambo, lakini katika maisha yangu yote nimeusikia ukitajwa redioni kwa ajili ya tumbaku. Na wazee hawa, kwa kuwa bei kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola, bado hawaulizi shilingi. Wanauliza: "Mwaka huu dola ngapi?"

Saa 5 kasoro gari linafika. Hakuna aliyeomba radhi. Tunaanza.

Mitumba tisini ya kwanza ilipita bila neno. Wabebaji wawili wanapandisha, namba inacheza, inatulia, natamka: "Hamsini na nane nukta sita. Hamsini na nane nukta sita." Naandika, wanashusha, mwingine.

Ilikuwa karibu saa 7 zamu ya yule baba ilipofika. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, mkulima mzuri, tumbaku yake imefungwa kwa mikono yenye subira. Alikuwa na mitumba 6. Wa kwanza ukasoma 61.3. Nikatamka mara mbili. Akasema, "Binti, rudia." Nikarudia. Akatoa mfukoni kipande cha boksi la sabuni alichoandika kwa kalamu ya risasi. Mtumba huo aliupima nyumbani, kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani, siku aliyouleta. Kilo 64.

"Kilo 3 zangu umeziweka wapi?"

"Shikamoo baba," nikamwambia, maana kwa haraka ya asubuhi sikuwa nimemsalimia. Hakuitika. Foleni nzima ikatulia kusikiliza.

Nikaleta jiwe la muhuri. 20.0. Akasema jiwe ni langu na mizani ni yangu. Mnunuzi akaangalia saa yake na kusema tunachelewa, yeye aliyetuweka tangu saa 2. Nilihisi joto likinipanda usoni. Mwenyekiti akamwambia mzee auze au ashushe mitumba yake, na pale nikasema hapana, subirini. Nisipommalizia yule mzee swali lake mbele ya watu wote, kesho sitakuwa na mizani, nitakuwa na chuma tu ambacho hakuna anayekiamini.

Nikamuuliza, "Baba, kitu gani wewe mwenyewe unajua uzito wake?"

Akafikiri. Akasema, "Mbolea."

Kwenye chumba cha pembejeo ilibaki mifuko michache ya NPK 10:18:24 ya msimu uliopita, ya kilo 50, haijafunguliwa. Akaingia mwenyewe, akachagua mfuko mwenyewe, akaukagua mshono kama mtu anayetafuta tundu la panya, akaubeba begani mpaka kwenye jukwaa. Hakutaka kusaidiwa. Mizani ikacheza, ikatulia. 50.2.

Akasoma namba ile kwa sauti yake, si yangu. Akaushusha. Akakaa juu ya mfuko, akaniangalia, na sasa hakuwa na hasira, jambo lililonishinda zaidi.

"Basi zimekwenda wapi, mwanangu?"

Nikamvuta kwenye mtumba wake, nikachomoa jani moja ubavuni. Siku alipolileta lilikuwa laini, ukilifinya mkononi linarudi kama kitambaa. Sasa lilivunjika kati ya vidole vyangu, vipande vikaanguka sakafuni. Jani la tumbaku linashika unyevu wa hewa na kuuachia. Hewa ikikauka, jani linakauka, na kilo zinaondoka na yale maji. Mzee analijua hilo kuliko mimi, ndiye anayengoja jani lilainike kabla ya kulifunga. Ila hakuwa amelipigia hesabu ya siku 11 za godauni.

Tukapima mitumba yote 6. Tukajumlisha, kipande chake cha boksi upande mmoja na daftari langu upande wa pili. Tofauti ilikuwa kilo 14.6, robo ya mtumba. Mizani haikudanganya, yeye hakudanganya, na mimi sikuiba. Soko lilisogezwa mara mbili, na aliyesogeza hakupoteza hata gramu. Kampuni inalipia kilo inazoziona siku ya kununua. Hakuna karatasi yoyote ndani ya jengo lile iliyoonyesha kwamba tarehe 4 kulikuwa na kilo 14.6 zaidi.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayetamka namba, anayelaumiwa ni mimi.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri saa. Nilikula mihogo ya kuchemsha nimesimama. Umeme ukakatika, tukahamia betri. Miguu ikaanza kuvimba.

Mteuzi akapita kwenye mistari na mnunuzi nyuma yake. Watu wanamwogopa kuliko mimi. Anainama, anavuta majani kutoka pembeni na katikati ya mtumba, anayanyoosha kwenye mwanga wa mlango, kisha anaandika daraja: jani limetoka sehemu gani ya mche, ubora wake, rangi yake, ndimu au chungwa. Mtumba uliochanganywa madaraja unarudishwa. Wenye ukungu unarudishwa. Mama mmoja mjane alirudishiwa wake kwa sababu ya uzi mmoja wa salfeti, uzi wa plastiki mfupi kama kidole, umejificha katikati ya majani. Inauma kuona, lakini hapo nasimama na mteuzi. Uzi wa namna hiyo ukipita hadi viwandani Morogoro, unaochafuka ni mzigo wa wengi, na jina la chama kizima. Tulimfungulia mtumba pale pale, tukachambua watu watano, ukafungwa upya kwa kamba ya katani na kurudi mstarini kabla mteuzi hajafika mwisho. Nilipima mara ya pili.

Kisha wakaja kuniuliza makato. Hii si kazi yangu, ni ya meneja, ila meneja alikuwa amezingirwa. Nawaeleza: ule ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 anaulipa mnunuzi, haukatwi kwako. Kinachokatwa kwako ni mkopo wa pembejeo na michango ya chama. Kijana mmoja akauliza kwa nini anabebeshwa deni la jirani aliyewauzia vishushu, wale walanguzi wa nje ya chama, tumbaku yake usiku. Nikamwambia ukweli: mkopo tulidhaminiana, asipoleta yeye tunalipa sisi. Akaondoka bila kuaga. Simlaumu.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka mtumba wa 212 ulipopimwa. Fuso likapakiwa, kamba zikakazwa, mnunuzi akasaini na kuondoka. Nikajumlisha kurasa zangu mara mbili, zikalingana na za mteuzi. Hapo ndipo nilipoisikia fahari yangu ya siku, jumla mbili za watu wawili tofauti zinazolingana mpaka nukta.

Nilikuwa nafunga mlango nilipoona taa ya baiskeli. Yule baba amerudi na mtumba mmoja nyuma, majani ya juu, ya mwisho shambani kwake, ya soko lijalo. Tarehe ya soko hilo bado haijatajwa.

Akasema, "Pima leo. Uandike."

Mwenyekiti alikuwa bado yupo. Akaninong'oneza kwamba tukianza kuandika uzito wa mapokezi, watu watatudai tofauti, na chama hakina pa kuitoa. Nikamjibu kwa heshima kwamba na wao hawana pa kuitoa, na kwamba bila maandishi hatutakuwa na cha kuweka mezani tukikutana na kampuni kuhusu tarehe. Hakukubali wala hakukataa. Akasema basi tusitumie kitabu cha chama.

Nikatoa daftari langu la kaunta, lile ninaloandikia matumizi ya nyumbani. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikachora mistari minne: tarehe, namba ya mkulima, uzito wa kuingia, uzito wa soko. Tukapandisha mtumba wenyewe, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine. Nikatamka mara mbili kama kawaida ingawa tulikuwa watatu tu. 57.8. Yeye akaweka sahihi yake, mimi yangu. Mstari wa nne nikauacha wazi.

"Marahaba," akasema alipokuwa anapanda baiskeli.