Paa la Shangazi kisiwani Ibo

Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, upepo ukienda kasi ya kilomita zipatazo 220 kwa saa. Wiki sita kabla yake kimbunga Idai kilikuwa kimeuvunja mji wa Beira, katikati ya nchi, na sisi wa kaskazini tulikuwa bado tunachangia nguo za watu wa huko. Msumbiji haikuwa imewahi kurekodi vimbunga viwili vikali namna hiyo katika msimu mmoja.

Nilikuwa Pemba, huu mji wa Msumbiji, si kisiwa cha Zanzibar. Baada ya upepo ikaja mvua ya siku nyingi na barabara zikakatika. Nilifika Ibo mwezi Juni. Pale Tandanhangue, upande wa bara panapopandiwa vyombo vya kwenda kisiwani, tulisubiri maji yajae, kwa sababu maji yakipwa chombo hakipiti kwenye mikoko. Ngome ya Wareno ya mwaka 1791 ilikuwa imesimama. Nyumba za miti na udongo, ambazo ndizo wanazokaa watu, nyingi zilikuwa chini.

Shangazi nilimkuta chini ya turubai la msaada. Turubai liliwasitiri watu, nalishukuru mpaka leo, lakini mchana ndani yake hapakaliki kwa joto, na mama wa umri wake hana pa kupokea mgeni.

Tulikuwa tumepata miti, mabati, na misumari ya zamani ambayo watoto waliokota na kuinyoosha juu ya mawe. Fundi, mzee wa palepale, alisimamisha nguzo, akatia miti ya mshazari kwenye pembe ili nyumba isiyumbe. Kisha akasema safari hii hakuna baraza. Alituonyesha ya jirani: upepo uliingia chini ya upenu wa baraza, ukaunyanyua, na upenu ukaondoka na paa zima.

Shangazi alisimama. "Fundi, mimi ndani nalala tu. Wakwe napokelea barazani, samaki nauzia barazani, mume wangu alisaliwa akiwa barazani. Ukininyima baraza, niache na turubai langu."

Hakuna aliyemjibu. Wapo waliokuja kisiwani na michoro mizuri ya nyumba imara, na sikumbuki hata mmoja uliokuwa na mahali pa mwanamke kama yule kukaa na watu wake. Hilo liliniuma kuliko kuta zilizoanguka.

Fundi alikaa kimya, akachora mchangani kwa kijiti. Baraza lipate nguzo zake na paa lake dogo, chini kidogo ya paa kubwa, visishikane hata kwa msumari mmoja. Upepo ukilitaka, ulichukue peke yake. Paa kubwa likafungwa kwa waya: makombamoyo, ile miti inayobeba mabati, yakafungwa kwenye mtambaapanya, mti unaolala juu ya nguzo, na mtambaapanya kwenye nguzo. Mimi ndiye niliyekuwa nakaza waya kwa koleo, na kila fundo Shangazi alikuja kulivuta kwa mkono wake kabla hajaniruhusu kwenda linalofuata.

Tulipomaliza waya ulibaki. Nilitaka tuongeze mafundo. Shangazi aliuchukua, akauviringa, akampa fundi.

"Kesho anzeni kwa jirani. Na yeye mwekeeni baraza."