Mayai ya saa kumi na moja alfajiri

Siku ya dozi ya kwanza ya kemo, yaani dawa ya saratani inayoingizwa kwa dripu, nilibeba kuku wa kukaanga, chakula nilichokipenda kuliko vyote. Nilidhani najifariji. Dripu ilipoisha nilikula mapaja mawili, na kufika jioni yote yalikuwa yamerudi. Nimemaliza matibabu, huu ni mwaka wa pili, lakini harufu ya kuku wa kukaanga bado inanichafua moyo. Mtaalamu wa lishe aliniambia ni jambo la kawaida: ubongo hukifungulia kesi chakula kilicholiwa karibu na kutapika, hata kama hakikuhusika. Kwa hiyo siku ya dripu, usile unachokipenda. Dozi zilizobaki nilikwenda na biskuti kavu na viazi vya kuchemsha, vitu ambavyo hata nikivichukia maisha sitavililia.

Yangu ilikuwa saratani ya matiti. Dozi 6, moja kila baada ya siku 21. Habari ilipoenea, makatazo yakamiminika. Shangazi alinikataza sukari, eti inalisha uvimbe. Mwingine akakataza nyama, mwingine maziwa. Nikaishi kwa juisi za mboga wiki mbili, nikashuka kutoka kilo 62 hadi 58. Daktari alipouona mzani hakunifokea, ila alisema nikiendelea hivyo huenda dozi ikapunguzwa au kuahirishwa. Kuhusu sukari alijibu kwa ufupi: kila seli ya mwili huitumia, na mwili usipoipata huitengeneza wenyewe, hata kwa kuvunja misuli. Shangazi nampenda, lakini sikumuuliza tena.

Mtaalamu wa lishe alinipa hesabu: protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Kwangu mimi hiyo ilikuwa gramu 70 hadi 87. Yai moja lina kama gramu 6. Nilicheka, maana wakati huo vijiko vinne vya chakula vilinishibisha kama karamu. Akanionyesha ujanja: maziwa ya unga ndani ya uji, siagi ya karanga juu ya ndizi, yai lililopigwa na kupikwa ndani ya supu. Bakuli ni lilelile, lakini ndani mna mengi zaidi.

Lililonisaidia zaidi lilikuwa daftari. Niliandika saa, nilichokula na tumbo lilivyokipokea. Baada ya dozi mbili nikaanza kulisoma tumbo langu kama kalenda. Siku ya 1 hadi ya 4, vitu vikavu na vilivyopoa tu, kwa sababu chakula cha moto hutoa harufu. Kisha vidonda mdomoni: mtindi, uji, kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, na ndimu nikaiweka kando. Kuanzia siku ya 12 hivi njaa ilirudi, nikawa nafidia. Tena kila siku ilikuwa na saa yake: jioni tumbo lilifunga mlango, alfajiri likafungua. Basi mlo mkuu nikauhamishia saa kumi na moja alfajiri. Dada yangu aliyekuwa akiniuguza alinung'unika, "Mdogo wangu, hata jogoo hajaamka," huku akivunja mayai.

Mayai yenyewe yaliiva mpaka kiini kikaganda. Katika wiki ya pili baada ya dripu chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, huwa chini, kwa hiyo vibichi na viporo nilivipiga marufuku. Kipimajoto kilikaa kando ya mto. Usiku mmoja kilisoma 38.3. Sikumeza dawa ya homa wala sikusubiri kukuche. Nilikwenda hospitali usiku uleule, nikalazwa siku tatu.

Ladha ya chuma mdomoni ndiyo iliyonichosha kuliko kichefuchefu. Kijiko cha plastiki kilisaidia kidogo. Chakula chenyewe nilikula kwa saa, kama dawa, bila kungoja hamu.

Kama wiki sita baada ya dozi ya mwisho, nilionja supu nikakunja uso. "Dada, mbona chumvi imezidi hivi?"

Akaweka mwiko chini. "Miezi mitano hii natia kiasi hichohicho," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakula kwa kuvumilia."