Saa mbili usiku si 2:00: nilivyoiweka sawa darubini yangu Chake Chake

Darubini aliyoniletea ndugu yangu kutoka Maskati ina stendi yenye mota. Ukiitajia nyota, inageuka yenyewe kuifuata. Lakini kwanza uiambie kwa rimoti yake uko wapi, leo tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi. Yangu haitunzi saa ikizimwa, kwa hiyo kila usiku inauliza upya. Usiku wa kwanza majibu hayo yalinishinda, na sehemu kubwa ya sababu ni namna sisi Waswahili tunavyohesabu saa. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa tarehe 5 Agosti, kusi linavuma, mwezi haujachomoza. Niliisimamisha uani, kando ya majamvi ya karafuu. Rimoti ilipouliza saa, nikamuuliza mtoto wa kaka yangu.

"Saa mbili na dakika kumi, ami."

Nikabonyeza 2:10, na kwa kuwa mchana ulishapita nikachagua PM. Tarehe nikaandika 05/08. Kwenye orodha ya miji Chake Chake haikuwemo, nikachukua Dar es Salaam. Kisha nikaiagiza Antares, ile nyota nyekundu ya moyo wa Nge. Rimoti ikajibu kwamba nyota hiyo iko chini ya upeo.

"Ami, si ile pale?" Kijana alikuwa ameinua kidole. Kweli, Antares ilikuwa juu yetu kabisa, imeelemea kusini kidogo, inawaka.

Kosa la saa nililigundua mwenyewe baada ya kukaa kitako na kufikiri. Saa mbili usiku kwetu ni 20:00 kwa saa za mashine, na mimi nilikuwa nimeiambia ni saa nane mchana. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, basi saa sita ni nyuzi 90, robo nzima ya duara. Nikaandika 20:25. Mota zikalia, mrija ukageuka, ukaenda kusimama mashariki, chini, ukitazama minazi ya jirani.

Hapo nilikata tamaa kwa muda. Saa ilikuwa sahihi, nina hakika, na bado tumekosea karibu robo ya duara! Nilipitia majibu yangu yote tena, moja moja, mpaka nikaona kwamba rimoti ilikuwa imeandika jina la mwezi: Mei. Mashine hii hutaja mwezi kwanza, siku baadaye, kama wanavyoandika Marekani. Tarehe 5 Agosti yangu ilikuwa imesomwa 8 Mei. Nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 hivi kila siku, na kwa miezi mitatu dakika hizo zinafika saa sita. Kwa hiyo makosa mawili yasiyofanana kabisa, moja la saa na moja la tarehe, yalikuwa yanaipeleka darubini nje kwa kiasi kilekile. Ingekuwa tarehe 20 ningejua mara moja, maana mwezi wa 20 haupo na mashine ingekataa.

Mengine yalikwenda upesi. Ukanda wa saa ni +3. Ikiuliza kama saa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, jibu ni hapana, kwetu hazisogezwi.

Mahali ndipo pa kuangalia kwa makini. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni tofauti ya nyuzi moja na nusu za latitudo, sawa na miezi mpevu mitatu iliyopangwa mstari. Simu ilinipa -5.246 na 39.767. Alama ya kutoa maana yake Kusini. Lakini rimoti inataka nyuzi na dakika, na 0.246 si dakika 24: unazidisha kwa 60, unapata karibu 15. Nikaandika 5°15' Kusini, 39°46' Mashariki.

Likabaki kuielekeza kaskazini kabla ya kuanza. Nyota ya Kaskazini huku haionekani, iko chini ya upeo, na dira ya simu ilikuwa inayumba karibu na chuma cha stendi. Nikakumbuka kibla. Makka iko longitudo 39°50', sisi 39°46'. Kutoka Pemba, kibla ni kaskazini halisi, tofauti yake haifiki hata nusu ya nyuzi. Nikaupanga mrija sambamba na ukuta wa msikiti wa mtaani, ambao wazee waliujenga kwa uangalifu mkubwa, na kwa hilo nawashukuru sana.

Antares ikaingia ukingoni mwa lenzi. Nikaisogeza katikati, nikathibitisha, kisha nikaiagiza Alpha Centauri kama nyota ya pili. Ilikuja karibu kabisa na katikati, na nilipobadilisha lenzi ikagawanyika: nyota mbili za manjano, bega kwa bega.

Saa tatu na nusu, yaani 21:30, niliiomba Omega Centauri, kishada cha nyota milioni kumi hivi, kilichokuwa kinashuka kusini-magharibi. Kijana aliweka jicho, akanyamaza muda mrefu, kisha akakimbilia ndani kumwita bibi yake.