Michi miwili, kinu kimoja

Nilipoolewa Kadutu, hapa Bukavu, nilikuwa sijawahi kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, na mtu mwingine. Kwetu majani tulikuwa tunayapeleka kwenye mashine, jambo ambalo mama mkwe hataki hata kulisikia. "Binti yangu, kamata mchi wa pili," akaniambia.

Wake ukipanda, wangu ushuke. Basi! Siku ile michi iligongana mara tatu, kidole gumba kikachubuka, na majani yakarukia kikwembe changu kipya.

Kilichoniponza ni macho. Nilikodolea ndani ya kinu nikingoja mchi wake utue ndipo niangushe wangu, na kila mara nikachelewa. Mama akanigeuza nitazame ukuta. Nisikilize mchi wake: tu! kimya, tu! kimya. Pigo langu niliweke ndani ya kile kimya. Baada ya muda mikono ikaanza kushuka yenyewe, bila kumngoja.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti hulipima jambo hili kwa kidole na meza. Anayegonga kwa kufuata mlio hupatia kuliko anayefuata taa inayowaka na kuzimika. Taa ikienda mbio sana anapotea, na sikio bado linafuata. Tena kidole hutangulia mlio kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwenyewe ataapa vimefika pamoja. Ndiyo maana kungoja kuliniangusha. Macho nayo yana kazi yake: kitu kinachotembea, kama mchi ulio hewani, huyasaidia kuliko mmweko wa ghafla. Mimi nilikuwa natazama mahali pasipofaa.

Jioni moja umeme ukakatika, jirani akawasha jenereta. Sikusikia kitu, michi ikagongana upya. Mama, bila neno, akavua viatu. Nami nikavua. Kinu kilikaa juu ya udongo mtupu, na kila pigo lake likanipanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliye kiziwi tangu utotoni, naye hupiga pekupeku. Mama mkwe hajawahi kumsikia.

Siku hizi anayenitesa ni wifi. Anatwanga huku anaimba, na wimbo wake hauendi na mchi wake hata kidogo. Akishafungua mdomo tu, mimi navua viatu.