Si Wewe Ulichukuaye Shina

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeelemewa na neno moja lililosemwa katika kikao cha ushirika wetu, tulipokuwa tukijadili kama ukumbi wa kanisa ufunguliwe tena kwa ajili ya familia zilizowasili hapa Toronto bila mahali pa kulala. Ndugu mmoja, ambaye namheshimu na ambaye utoaji wake umelibeba kanisa hili katika miezi migumu, alisema, "Sisi tulipofika tulivumilia, na wao wavumilie." Wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imeitikia pamoja nao. Kodi za nyumba zimepanda, zamu za kazi zinachosha, na juu ya hayo nimeletewa ombi la mama mwenye watoto wawili anayehitaji chumba, ombi ambalo nimekuwa nikilipeleka mbele za Mungu huku nikitumaini, kwa siri, kwamba Yeye atamtafutia mama huyo mlango mwingine.

Nikiwa na mzigo huo nilikwenda High Park, bustani kubwa ya hapa Toronto, kama wengi wenu mlivyokwenda, maana micheri, yaani miti ya cheri, imechanua. Kwa ndugu wanaosoma wakiwa Uvira, Bujumbura au Nairobi, niseme kwamba kuna mteremko juu ya bwawa la Grenadier ambao mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei hugeuka kuwa mweupe wenye wekundu hafifu, kwa sababu micheri ya aina ya Somei-Yoshino, ambayo Wajapani huiita sakura, hutoa maua kabla ya majani, hata mti mzima ukaonekana kuwa ni ua tupu. Uzuri huo hudumu siku nne, pengine kumi hali ya hewa ikiwa tulivu, na upepo wa usiku mmoja waweza kuumaliza. Mwaka 2016 hali ya hewa iliyumba, na miti mingi haikuchanua ipasavyo kabisa. Bwana wetu alisema, "Fikirini maua ya mashamba," akatuhakikishia kwamba hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama mojawapo la hayo. Tunalijua andiko hilo tangu shule ya Jumapili, nasi hulitumia kujifariji tunapokosa mavazi na chakula. Safari hii, hata hivyo, fikira zangu hazikuenda kwenye mavazi, bali kwenye swali la jinsi miti hii ilivyofika hapa.

Kuanzia mwaka 1942 serikali ya Kanada iliwaondoa katika pwani ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa nchi hii, watu zaidi ya 20,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia wa nchi hii, ikawapeleka katika makambi na miji ya mbali. Nyumba zao, mashamba yao na mashua zao za uvuvi zikauzwa pasipo ridhaa yao. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha hawakuruhusiwa kurudi makwao. Waliambiwa ama wahamie mashariki ya Milima ya Rocky, ama waende Japani, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Ruhusa ya kurudi pwani ilipatikana tarehe 1 Aprili 1949, na serikali haikuomba radhi rasmi hadi mwaka 1988. Katika miaka hiyo ya kutangatanga wengi wao walikuja Toronto, wakapata vyumba na kazi na majirani. Ndipo tarehe 1 Aprili 1959, miaka kumi kamili tangu siku ile ya ruhusa, balozi wa Japani, Toru Hagiwara, alipoukabidhi mji huu micheri 2,000 kwa niaba ya wakazi wa Tokyo, kuwa shukrani kwa sababu Toronto iliwapokea watu waliohamishwa.

Kwa hiyo, wapendwa, tunaposimama chini ya matawi yale tukipiga picha na watoto wetu, tumesimama chini ya shukrani ya watu waliokaribishwa. Umati ule wote unaokuja kila mwaka, hata magari yakazuiwa kuingia bustanini wakati wa kilele cha maua, unakuja kutazama matunda ya ukarimu ambao wakati ule haukuwa na picha wala sifa. Mtu aliyempangisha chumba kijana asiye na chochote mwaka 1946 hakujua kwamba mteremko wa High Park ungechanua kwa ajili yake.

Nilishuka hadi kando ya maji, ambako matete bado ni makavu ya mwaka jana. Bata bukini walikuwepo, na kobe wa majini waliokaa miezi chini ya barafu walikuwa wamepanda juu ya gogo kuota jua. Waliotawala mahali pale, hata hivyo, walikuwa wale ndege weusi wenye mabega mekundu. Ndege hao hukimbilia kusini wakati wa baridi, na madume hutangulia kurudi mwezi wa Machi, barafu wakati mwingine ikiwa haijayeyuka yote. Kila dume hujitwalia kipande chake cha matete na kukaa juu kabisa, akiimba kwa sauti kali ili dume mwingine asisogee. Majira ya viota yakifika, hata mpita njia asiye na habari hupigwa kichwani. Ni mgeni wa juzi aliyefika mapema kidogo, naye huyalinda matete kana kwamba aliyapanda yeye. Ndege hana dhambi katika hilo, maana ndivyo alivyoumbwa. Lakini sisi tuliosoma kwamba shomoro naye ameona nyumba, na mbayuwayu amejipatia kioto kwenye madhabahu za Bwana wa majeshi, tutajibu nini tukigeuza kutangulia kwetu kuwa hati ya kumiliki?

Kuna jambo jingine kuhusu miti ile ambalo limenishika nisilale. Somei-Yoshino haipatikani kwa kupanda mbegu yake, kwa kuwa mche utakaoota kutoka katika mbegu hiyo hautakuwa Somei-Yoshino. Kila mti mpya hutokana na kijiti kilichokatwa kwenye mti uliotangulia, kikabebeshwa juu ya shina la mcheri wa aina nyingine, kama miche ya maembe inavyobebeshwa kwetu. Yale maua yote tunayoyastaajabia yanasimama juu ya mizizi ambayo si yake. Mnajua nilikumbuka wapi. Paulo anawaandikia Warumi: "Na wewe mzeituni mwitu ulipandikizwa kati yao, ukawa mshirika wa shina la mzeituni na unono wake, usijisifu juu ya matawi yale, au ikiwa wajisifu, si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Najua kwamba mtume alikuwa akisema na watu wa Mataifa wasije wakajivuna juu ya Israeli, wala sitaki kulipindisha andiko. Hata hivyo kiburi alichokikemea ni kilekile: tawi lililobebwa linaanza kuzungumza kana kwamba ndilo linalobeba.

Ndugu zangu, tuseme kweli mbele za Mungu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyevumilia peke yake. Mimi nilifika mwezi wa Januari nikiwa na koti lisilofaa hata kwa baridi ya Nairobi, nikapokelewa na familia ambayo hatukuelewana nayo lugha ila kwa ishara. Walinipa chumba cha chini ya nyumba. Mama yule alinifundisha kutumia mashine ya kufulia kwa kunishika mkono, na nilipopata chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba alidai mdhamini, mume wake akatia sahihi yake chini ya jina langu, ilhali alikuwa amenifahamu kwa majuma machache tu. Laiti ningeshindwa kulipa, yeye angelipa. Hadi leo sijui ni nini kilichomfanya aniamini, isipokuwa neema. Naye ndugu yetu aliyesema kwamba tulivumilia alikula, kama sisi sote, wali na maharage yaliyopikwa na kina mama wa kanisa hili. Alipelekwa na mtu kwenye ofisi za uhamiaji, akatafsiriwa na mtu, akaazimwa godoro na mtu. Kumbukumbu zetu zimehifadhi baridi na kufuta mikono. Tunasimulia jinsi tulivyoteseka na kusahau ni nani aliyetufungulia, kisha tunawadai wanaokuja mateso ambayo Bwana hakuturuhusu sisi wenyewe tuyanywe mpaka mwisho.

Wala jambo hili si la nadharia katika mji huu. Majira ya joto ya mwaka 2023 waomba hifadhi, wengi wao kutoka Afrika na baadhi yao wakizungumza Kiswahili hikihiki, walilala kando ya barabara katikati ya jiji, kwa kuwa makao ya dharura yalijaa na serikali za ngazi mbalimbali zilikuwa zikivutana kuhusu gharama. Makanisa ya Waafrika na ya watu weusi ndiyo yaliyofungua milango, watu wakalala juu ya sakafu za kumbi za ibada, na waumini wenye mishahara midogo wakaleta mablanketi na sufuria. Basi tusiseme kwamba haiwezekani.

Nayajua pia mapingamizi yenye uzito: choo kimoja hakitoshi watu thelathini, bima ya jengo ina masharti yake, waliohudumu mara ya mwisho walichoka hadi wakaugua, na si kila nyumba ina nafasi. Hayo tuyapange kwa hekima na kwa hesabu, kama watu wazima. Neno ninalolikataa ni lile moja tu, la kuufanya uchungu wetu wa zamani kuwa sheria juu ya jirani. Bwana aliwaamuru Israeli kinyume chake: mgeni awe kwenu kama mzalia, nawe mpende kama nafsi yako, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Misri ilikuwa sababu ya kuhurumia. Sisi tumeifanya sababu ya kufunga mlango, kisha Jumapili tunasimama na kuimba kwamba tu wasafiri duniani.

Kikao kitarudiwa Ijumaa baada ya maombi. Ninaomba kila mmoja aje na jina la mtu aliyempokea alipofika katika nchi hii, na kabla hatujazungumzia ukumbi tuyataje majina hayo kwa sauti na kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Mwenye chumba, hata kwa mwezi mmoja, amwambie katibu. Mimi nimekwisha kumwambia kuhusu mama yule na watoto wake, watakuja kwangu Jumatatu, na nitahitaji kitanda kimoja cha mtoto. Vijana wanaokwenda High Park Jumamosi kabla maua hayajapukutika wazichukue na zile familia mpya, wawalipie nauli, na njiani wawasimulie miti ile ililetwa kwa sababu gani.